Nguzo ya Lango Iliyochipua

Mzinga,
Morogoro.
Jumapili, 7 Machi 1954

Mpendwa dada Kristina,

Shikamoo. Kabla ya lolote nauliza hali yako, na ya Mama, na ya watoto wote walio chini ya paa lile ninalolikumbuka kwa kuvuja kwake. Je, mguu wa Mama umepoa? Je, mahindi ya mwaka huu yamesimama, au nguruwe wamewatangulia tena? Mimi ni mzima. Mgongo ndio unaonikumbusha kila asubuhi kwamba nilikata mkonge miaka minne, na viganja vyangu sasa ni kama magome. Lakini nakula na nalala, na Mungu hajanisahau.

Barua yako ya Krismasi niliipata mwisho wa Januari. Niliisoma mara tatu. Nimefurahi kusikia kwamba Yakobo ameingia shule ya misheni. Mwambie asiache katika darasa la tatu kama mjomba wake, maana ninapokuandikia hapa natoa jasho kuliko ninapochimba.

Umeniuliza kwa nini nimekaa kimya. Dada, sikuwa na la kusema, na kisha likaja jambo moja nikawa nalo zaidi ya nafasi ya karatasi. Kaa chini, mpe mtu mwingine hilo sufuria akoroge, usome taratibu.

Unajua kwamba tangu mkataba wangu wa mkonge ulipokwisha nafanya kazi kwa Bwana Abasi. Ni mtu wa kuja kama mimi, kwao ni upande wa Kilosa, ila yeye amekuja na lori na mimi nimekuja na miguu. Lori lake hupanda Mgeta kuchukua kabichi, viazi na vitunguu kwa Waluguru wa mlimani, na kuvileta kwenye stesheni ya treni mjini. Kwa miaka miwili nimekuwa mpakizi wake, mchimbaji wake, mlinzi wake, na mtu wake wa kutukana anapokosa mtu mwingine. Hanitukani kwa ubaya. Nilipougua homa alinifunika kwa shuka lake mwenyewe. Nasema haya ili usije ukamwona shetani katika habari ninayokupa.

Ardhi anayokaa si yake. Amepewa na ukoo mmoja wa Waluguru akae na alime, na kila mwaka anapeleka zawadi ya kushukuru, ambayo huku inaitwa ngoto. Mwenye kupokea ngoto ni mkuu wa ukoo, Mzee Rehani. Jirani wa Bwana Abasi, mpaka kwa mpaka, ni dada wa mzee huyo, bibi mmoja mjane anayeitwa Bibi Asia.

Sasa usicheke, dada. Huku ardhi ni ya ukoo wa mama. Mtoto anahesabiwa upande wa mama yake na shamba linapita huko huko. Mjane hafukuzwi na shemeji zake, maana shamba ni la kwao na mume ndiye aliyekuja kama mgeni. Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani wananitania. Nikakufikiria wewe na yale uliyotendewa na shemeji zako mumeo alipokufa, na kicheko kikaniisha.

Bibi Asia ni mama yangu wa huku. Kila asubuhi hunipa kibuyu cha uji juu ya mpaka. Hunitania kwamba sisi Wangoni babu zetu walikuja hapa na mikuki kuchukua ng'ombe, na sasa tumerudi na majembe kuwachimbia watu mashimo ya choo. Nami humwambia kwamba babu zake walikimbilia mlimani wakasahau kushuka. Ndivyo tunavyosalimiana.

Ana kipande kidogo kinachokwenda pamoja na mpaka, upana wa hatua sita hivi. Ni kidogo, lakini ndani yake, karibu kabisa na mawe ya mpaka, unapita mfereji wa maji yanayoshuka mlimani, na kwa maji hayo anamwagilia vitunguu na magimbi yake yote. Bila kipande hicho shamba lake lingine ni vumbi. Amekiweka kwa ajili ya mjukuu wake, Furaha, msichana wa miaka kumi na moja ambaye mama yake amekufa. Hana mwingine.

Lori la Bwana Abasi ndilo lililoanza. Likiingia uani lilikuwa linakata kona vibaya, na kila wiki liliangusha mgomba mmoja wa Bibi Asia. Alikwenda kulalamika mara mbili. Bwana Abasi alimjibu kwa heshima lakini kwa kucheka: "Bibi, gari halina macho ya pembeni." Bibi akaenda kwa kaka yake, Mzee Rehani. Mzee huyo anapenda kupanda mbele ya lori hilo siku za gulio, kofia kichwani, akipungia watu mkono. Alimwambia dada yake, "Migomba huota tena."

Basi mwezi wa Oktoba Bwana Abasi akaamua kuweka lango. Mbuzi walikuwa wakiingia na kula kabichi, na mpira mmoja wa lori ulikuwa umeibwa. Fundi seremala wa mjini akatengeneza mabawa mawili ya mninga, mazito, na bawaba za chuma zenye urefu wa mkono. Zikaja nguzo mbili za mninga mkavu. Nguzo moja tuliisimika vizuri. Ya pili, fundi alipokuwa akitoboa mashimo ya bawaba, ikapasuka kutoka juu mpaka chini.

Siku hiyo Bwana Abasi alikuwa anaondoka kwenda Mgeta. Alishuka, akapima kwa miguu yake nafasi ya lori kupita, akachora kwa kisigino mahali pa nguzo ya pili. Nilitazama nikaona alama ile imevuka mstari wa mawe ya mpaka kwa hatua moja nzima. Nikamwambia, "Bwana, hapa ni kwa bibi."

"Wewe Mngoni umekuwa bwana shamba lini?" akaniambia. "Chimba. Nguzo utakata popote, mti wowote ulionyooka. Nikirudi nilikute lango limefungwa."

Nikachimba. Udongo wa Oktoba unaujua, ni kama kuchimba sakafu ya kanisa. Nilipofika kiunoni Bibi Asia akaja. Alisimama akatazama shimo, akatazama mawe ya mpaka, akatazama shimo tena. Nilitaka ardhi inifunike humo humo.

"Bwana wako ndiye amekuambia hapa?"

"Ndiye, bibi. Nisamehe."

Nilingoja kelele, dada. Hakupiga kelele. Akauliza nguzo iko wapi, nikamwambia sina, ile imepasuka. Akasema, "Pale chini kwenye mfereji kuna mkuyu wangu mchanga, umenyooka kama askari. Nimekupa. Kata." Nikamshukuru mpaka nikamshika mikono. Nikaukata, nikaupogoa matawi, nikauburuta mpaka shimoni. Ulikuwa mzito na unatoa maziwa.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha kujenga ua? Nguzo mbichi hugeuzwa kichwa chini, shina likatazama juu, isije ikaota. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuuweka. Bibi akanizuia. "Geuza, mwanangu. Kule kwenu mnajenga vibanda vya mbuzi. Hili ni lango la gari, upande mnene ukae chini, la sivyo litaanguka na wewe utapigwa." Nikaona ana akili. Nikageuza. Kisha peke yangu nisingeweza kuinyoosha nguzo na kujaza udongo kwa wakati mmoja, basi yeye akaikumbatia kwa mikono yake yote miwili, akaishika wima, huku mimi nikijaza na kushindilia kwa mtaimbo. Akawa anasema, "Kushoto kidogo. Hapo hapo." Tulicheka. Jioni fundi akapigilia bawaba na lango likafungwa.

Mvua za vuli zikaja. Katikati ya Desemba, siku moja nafungua lango nikaona kitu chekundu chekundu kwenye nguzo, kama ncha ya kidole cha mtoto. Baada ya siku tatu kilikuwa jani. Kisha yakawa manne. Dada, nguzo ilikuwa imeota! Nikacheka, nikachukua panga niyafyeke.

"Acha!" Ilikuwa sauti ya Bwana Abasi, ametoka na taulo shingoni, sabuni masikioni. Alinipokonya panga. "Usiguse jani hata moja. Tangu leo mtu akiligusa, wewe utanijibu."

Nilidhani amependa kivuli. Kumbe alinieleza mwenyewe, siku ile ile, kwa furaha kama mtu aliyeokota. Huku, aliyepewa ardhi kwa ngoto haruhusiwi kupanda mti wa kudumu, maana mti ni dai. Ukipanda mti ukaishi, umesema ardhi ni yako. Lakini kama wenye ardhi wanaona unapanda na wananyamaza mpaka mti ukashika, basi wamekubali, na mpaka unahamia kwenye mti. "Na wewe shahidi wangu," akaniambia, "uliniambia mwenyewe kwamba yule bibi alikushikia nguzo. Hakunyamaza tu, alisaidia! Mpaka umehama, Mngoni. Mfereji umeingia uani kwangu, na nitaoshea lori maji ya mlimani."

Nilikuwa nimemwambia habari ile kwa kumsifu bibi, wakati tunakula. Mdomo wangu huu.

Toka siku hiyo sikupata raha. Nilitoka Ungoni nikavumilia mkonge, nikavumilia homa, na sasa mikono yangu ndiyo iliyochimba shimo la kumnyang'anya maji mwanamke aliyenipa uji. Kusema uongo katika baraza siwezi. Unajua Mama alivyotulea. Na kusema kweli ndiko kungemmaliza. Kila alichonitendea bibi kwa wema kilikuwa kimegeuka ushahidi dhidi yake. Mara mbili nilikwenda mpakani asubuhi nikitaka kumwonya. Mara zote mbili nikapokea kibuyu, nikanywa, nikarudisha kibuyu, nikaondoka. Nilimwogopa bwana wangu. Nakuambia kama ilivyo.

Mwezi wa Februari mti ulikuwa umetoa tawi lenye urefu wa mkono, na Bwana Abasi akaenda mwenyewe kwa Mzee Rehani kuomba baraza. Yeye ndiye aliyeomba, ukumbuke hilo.

Baraza likakaa Jumanne iliyopita asubuhi, kwenye kibaraza cha Mzee Rehani. Walikuwapo wazee saba wa ukoo, na akina mama wengi kuliko wanaume, wameketi kwenye mikeka, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Bwana Abasi alivaa kanzu nyeupe na koti juu yake. Mimi nilikaa mwisho kabisa. Bibi Asia alikaa anamenya maharage ndani ya kanga, kama mtu aliyekuja kuzungumza.

Bwana Abasi alisema vizuri, huo ndio ukweli. Alitaja miaka yake ya ngoto ambayo hajakosa hata mmoja. Akasema nguzo ni yake, lango ni lake, kibarua ni wake, mti umeota mbele ya macho ya mwenye ardhi na miezi minne hakuna aliyesema neno. "Mimi sikuiba usiku. Nimepanda mchana, na aliyenyamaza amekubali. Hiyo ni desturi yenu, si yangu."

Mzee Rehani akageuka kwa dada yake. "Asia, uliona shimo linachimbwa?"

"Niliona."

"Ulisema neno?"

"Nilisema mengi," akajibu, na haachi kumenya maharage. "Muulize Mngoni. Yeye ndiye aliyekuwa ndani ya shimo."

Nikaitwa mbele. Dada, nilisimama pale nikaona Mama, nikakuona wewe, nikaona na Padre aliyenibatiza. Mzee akaniuliza nani aliniambia nichimbe pale. Nikasema bwana wangu. Akaniuliza kama palikuwa ndani ya mawe ya mpaka au nje. Nikasema hatua moja ndani ya kwa bibi. Hapo Bwana Abasi alinitazama vibaya, lakini hakujali sana, maana alikuwa anangoja swali la mwisho.

"Mti uliposimikwa, nani aliushika?"

Nikanyamaza. Niliwasikia kuku wakikwaruza nyuma ya nyumba.

"Sema, Mngoni!" Bibi Asia akanipigia kelele. "Ulimi umevimba? Kunywa uji wangu unajua, kusema hujui?"

Akina mama wakacheka. Nikasema, "Bibi Asia ndiye aliyeushika. Kwa mikono miwili. Mimi nilijaza udongo."

Bwana Abasi akapiga paja lake, pa! "Mmesikia! Mmesikia kwa masikio yenu!"

Lakini hakuna aliyefurahi pamoja naye. Nikaona wazee wanatazamana. Bibi mmoja mzee kuliko wote akaanza kutikisa kichwa na kutabasamu peke yake. Mzee Rehani akakohoa. Akaniuliza polepole, kana kwamba sasa ndio anaamka, "Huo mkuyu ulitoka wapi?"

"Kwenye mfereji wa bibi. Yeye alinipa."

"Na nani aliyeamua upande gani ukae chini?"

Nikamweleza kwamba mimi nilitaka kuusimika kichwa chini, kama tulivyofundishwa kwetu, na bibi ndiye aliyeniambia nigeuze.

Dada, vigelegele vilivyopigwa na akina mama wale sijui kama hamkuvisikia Songea. Mimi nilisimama kama mti mwenyewe. Sikuelewa kitu. Ikabidi mzee aseme, naye alisema akimtazama mgeni wake kwa huruma, maana nadhani aliona safari zake za mbele ya lori zinakwisha.

Katika ukoo wao, alisema, mwenye kupanda mti ni yule anayeushika wima ukiingia ardhini. Anayechimba na kujaza udongo ni jembe tu, na jembe halina shamba. Na anayesema "panda" akaondoka zake kwenda Mgeta, hata jembe hakuwa. Mkuyu umetoka kwa Asia, umekaa katika ardhi ya Asia, umesimamishwa kwa mikono ya Asia. Mti ni wake, yeye na wa tumbo lake. Kisha akamgeukia bwana wangu: wewe Abasi umetundika lango lako juu ya mti wa mwenzio. Tena umekuja mwenyewe mbele yetu sote kusema kwamba mti huu ndio mpaka. Basi tumekubali kwamba mti una mwenyewe. Ondoa lango lako na urudi nyuma ya mawe. Na njia ya lori itoke upande wa pili, karibu na ule mwembe wa ukoo, si kwenye migomba.

Bwana Abasi alivua koti lake. Nilimwonea huruma. Alijua nusu ya desturi akadhani ameishika yote. Alimtazama Bibi Asia, na Bibi Asia akaangusha harage moja ndani ya kanga, akasema kwa upole sana, "Bwana Abasi, mti hauna macho ya pembeni."

Hapo hata wazee walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kunanitisha kuliko baraza.

Mchana huo huo nililiteremsha lango, nikaing'oa na ile nguzo ya kwanza ya mninga. Bwana Abasi alisimama nyuma yangu muda wote. Nilipomaliza akaniambia, bila hasira, kwamba nitafute kazi pengine, kwa sababu kila akiniona ataona nguzo. Alinilipa haki yangu yote, kwa hilo sina neno.

Jumatano nilikwenda misa ya majivu mjini, na nikirudi nikapitia mpakani. Bibi Asia alikuwa anamwagilia vitunguu. Akanitazama usoni. "Ee, Mngoni! Umepakwa majivu, jiko gani limekuunguza?"

Sikumjibu utani wake. Nikamwuliza, "Bibi, siku ile uliponipa mkuyu, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba utaota. Kwamba mikono yako ndiyo itakayohesabiwa."

Akaweka ndoo chini. "Mwanangu, nimepanda miti tangu sijavunja ungo. Mkuyu usiojua kuota nauona leo wapi? Nililia mara mbili kwa bwana wako, akanicheka. Nililia kwa kaka yangu, akanichekea. Nikaona shimo liko ndani ya kwangu, na nguzo hakuna. Nikasema, Mungu si Athumani."

Dada, damu ilinipanda. Miezi miwili sikulala vizuri kwa ajili yake! Nikamwambia, labda kwa sauti kuliko inavyofaa kwa mtu mzima kama yeye, "Uliniona mjinga. Ulinitumia kama jembe. Kwa nini hukuniambia?"

Hakukasirika. Akaniuliza kwa sauti ile ile anayoniulizia kama nimekula.

"Ningekuambia, Lukasi, ungeninyamazia? Au ungekwenda kumwambia bwana wako?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikafungua mdomo niseme ningenyamaza. Ungekuwa uongo. Maana habari ya yeye kushika nguzo, sikuipeleka mimi mwenyewe mezani kwa bwana wangu, tena bila kuulizwa? Na nilipojua kwamba anataka kuchukua mfereji, si nilikwenda mpakani mara mbili, nikanywa uji, nikarudi kimya? Ningemwambia, dada. Si kwa ubaya. Ningemwambia kwa sababu nilikuwa nakula kwake na kulala kwake, na mtu aliye mbali na kwao hujifunza kutazama mkono unaomlisha. Ila mikono ilikuwa miwili, nami nilihesabu mmoja.

Nikatazama chini. Bibi akasema, "Basi. Ndiyo maana." Akaingia ndani, akatoka na kibuyu. "Kunywa. Leo hakina sukari, sukari ilikuwa inaletwa na lori la Abasi."

Nilikunywa nimesimama, na siwezi kukueleza ladha yake.

Hilo ndilo lililonitikisa. Nilidhani naogopa ukweli wangu utamwangamiza mtu, kumbe mtu huyo alikuwa amenipima siku nyingi, akajua uzito wangu, na akanipenda hivyo hivyo bila kunitegemea. Sijui kama wewe na Mama mnanijua hivyo. Kama mnanijua hivyo, msiniambie.

Sasa napasua mawe kwenye barabara ya Mlali, kibarua cha serikali, kazi ya siku kwa siku. Nalala kwa Agustino, mwenzetu wa Ungoni tuliyekuja naye katika mkonge. Barua zako zipitishe kwa misheni ya mjini kama zamani. Bibi Asia amenitumia habari kwa Furaha kwamba palipo na shimo la nguzo ya kwanza pamebaki wazi, na kwamba nikafukie kabla mbuzi hajavunjika mguu. Nitakwenda kesho baada ya kazi. Safari hii sitamngoja mtu aniambie nichimbe au nifukie upande gani. Nitamuuliza kwanza bibi mwenyewe, na nikisikia neno lolote juu ya maji yake nitamfikishia kabla sijanywa chochote.

Nisalimie Mama, umshike miguu kwa niaba yangu. Msalimie Yakobo na dada zake, na shangazi Theresia, na Yohana mwenye baiskeli, kama bado anayo. Mwambie kaka Alois kwamba nimepokea maneno yake juu ya shamba la Baba, na kwamba namwomba akupe wewe sehemu yako pale kwenye kijito. Mwambie ni mimi nimesema, na nitalisema tena mbele yake.

Mungu awalinde, awape mvua ya kiasi na usingizi wa amani, na anisaidie niwaone tena mngali wazima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye toka mbali,

Lukasi Nungu